Kuzidi kwa Tindikali na Uhaba wa Oksijeni Baharini

Tindikali, kwa fahamu za walio wengi, ni yale maji makali ya betri yatoboayo nguo na kubabua ngozi. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba bahari imekuwa ya tindikali hudhani mawimbi yatamchoma, ilhali maji ya bahari, kwa kipimo cha pH ambacho kati yake ni 7, yangali upande wa alkali, baada ya kushuka kutoka 8.2 hivi kabla ya zama za viwanda hadi 8.1 hivi. Asiyejua hesabu ya kipimo hicho, ambamo kila daraja ni mara kumi ya jirani yake, huona tofauti hiyo kuwa hafifu, kumbe chembe za haidrojeni ziipazo tindikali ukali wake zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Basi istilahi niipendayo ni kuzidi kwa tindikali, maana hutaja mwendo, wala haidai hali ambayo haijakuwapo.

Mwendo huo una majira yake. Huko Dhofar, kusini mwa Omani, tangu Juni hadi Septemba, kusi, ambayo mabaharia wetu waijua vyema, huvuma sambamba na ufuo, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia maji ya juu husukumwa kuume kwa upepo, yakaiacha pwani na kuelekea bahari kuu, na badala yake hupanda maji baridi ya kilindini, yenye rutuba ambayo hustawisha mimea midogo mno na kuwashibisha dagaa. Neema hiyo haiji peke yake. Maji hayo yamekaa gizani muda mrefu, ambako bakteria huozesha mabaki yazamayo kutoka juu, wakiitumia oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, ambayo ikichanganyika na maji huwa tindikali. Hivyo dhara zote mbili zimezaliwa tumbo moja. Msafara wa kisayansi ulioitwa kwa jina la John Murray, uliosafiri kwa meli ya Kimisri Mabahiss mwaka 1933 na 1934, ulikuta katika Bahari ya Arabuni tabaka nene la maji ya namna hii.

Nasema uhaba wa oksijeni, si ukosefu, kwani aghalabu wataalamu huuhesabu tangu kiasi kishukapo chini ya miligramu 2 hivi kwa lita, na ukosefu ni pale isipobaki kabisa. Samaki mwenye mbio hukimbia. Chaza na konokono hubaki palepale, na kwa kuzidi kwa tindikali gamba lao la chokaa huwa gumu kujengeka.

Kusi yenyewe haina lawama, maadamu imevuma hivyo tangu kale. Jambo jipya ni gesi ya mafuta na makaa tuyachomayo, inayoingia baharini mwaka mzima na kuongezwa juu ya ile ya kilindini, hata majira yaliyokuwa yakivumilika yakazidi ukali. Na kipimo kilichochukuliwa Januari, wakati wa kaskazi, hakiwezi kumpa mvuvi wa Mirbat, kwenye pwani hiyo ya Dhofar, habari za Agosti.