Wamanyema wa Ujiji: watu wa Kongo waliopata kwao ng'ambo ya ziwa

Mtu wa Kalemie, Fizi au Uvira akivuka ziwa na kufika Ujiji, kilomita chache kutoka bandari ya Kigoma, hashangai sana. Joto ni lile lile. Mawese yako sokoni, ndagala wanaanikwa juani, ingawa huko wanaitwa dagaa, na Kiswahili kinasikika kila mlango. Jambo linaloshangaza ni jina. Wakaaji wengi wa zamani wa mji huo ni Wamanyema. Maniema ni jimbo la Kongo, lenye Kindu na Kasongo, mbali sana magharibi mwa ziwa. Ilikuwaje jina hilo likavuka maji na kuwa jina la watu wa Tanzania?

Kwanza lieleweke kwamba hakukuwa na kabila moja lililoitwa Manyema. Walikuwako Wakusu, Wabangubangu, Wazimba, Wasongola, kila mmoja na lugha yake na mazishi yake. Hata Wabembe na Wagoma, ambao kwao ni karibu na ziwa, wakifika ng'ambo walitiwa katika jina hilo hilo. Wafanyabiashara wa misafara ndio waliolieneza. Kwao kila mtu aliyetoka upande wa machweo, nyuma ya ziwa, alikuwa Mmanyema.

Misafara hiyo ilitoka pwani ya bahari, Bagamoyo na Unguja, ikatembea zaidi ya kilomita elfu moja hadi Ujiji, halafu ikavuka kutafuta pembe za ndovu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 ilikuwa imefika Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Baadaye Hamed bin Muhammad, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Mnamo Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe siku watu wa misafara walipofyatulia risasi soko lililojaa watu, wengi wao wanawake. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbia.

Kwa hiyo si wote waliovuka ziwa walivuka kwa njia moja, na hapa wasimulizi wengine hupita haraka mno. Kulikuwa na waliofungwa minyororo. Kulikuwa na wapagazi waliobeba pembe, na vijana waliopewa bunduki wakawa askari wa mabwana zao. Wanawake wengi waliletwa kuwa masuria. Halafu ikaja vita ya 1892 hadi 1894, kati ya jeshi la Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya mfalme Léopold wa Ubelgiji, na wakubwa wa misafara. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Walioshindwa, pamoja na watu wao, wakakimbilia mashariki, na hao walikuwa wakimbizi wa vita kama wakimbizi wa leo.

Mji waliofikia haukuwa mahali pa raha. Ardhi ilikuwa ya Wajiji, jamaa wa Waha, na wakubwa wao. Biashara ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Waswahili wa pwani. Sokoni fedha ilikuwa ushanga; aina iliyotumika sana iliitwa sofi, na mgeni asiyejua thamani yake alipunjwa.

Hata ufuko wenyewe ulikuwa ukihama. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 akarudi 1876, alikuta ziwa limepanda na miti iliyokuwa sokoni imesimama majini. Sababu ilikuwa upande wa Kongo. Mto Lukuga, ulio karibu na Kalemie, ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, na wakati huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye ulizibuka, maji yakashuka, na Ujiji ikabaki nyuma ya ukingo wake. Wakaaji wa Uvira, walioona ziwa likiingia majumbani Aprili 2024, hawahitaji kuelezwa maana ya kujenga karibu na maji hayo.

Waliofika walianza na walichokijua. Mchikichi haukuwa mgeni kwao, wala muhogo. Waliotoka Kasongo na Nyangwe walikuwa wamezoea pia mchele, kwa sababu misafara ilikuwa imeupanda huko. Lugha za nyumbani zilikuwa nyingi, basi Kiswahili kikawa lugha ya jirani na jirani, halafu ya mama na mtoto. Wengi wakaingia Uislamu. Wakaoana wao kwa wao bila kujali nani Mkusu na nani Mbangubangu, na watoto wao hawakuwa na jina lingine la kujiita isipokuwa Wamanyema. Jina walilopewa na watu wengine likawa lao.

Kulikuwa na neno jingine walilolitaka zaidi: mwungwana, yaani mtu huru, mstaarabu. Askari na watumishi wa misafara walijiita waungwana hata kabla mabwana hawajawaachia. Neno hilo lilibaki pia Kongo. Kiswahili cha mashariki kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na wengi wanaokisema leo hawajui kwamba ndani ya jina hilo kuna madai ya mtu aliyekataa kuitwa mtumwa.

Sheria ilikuja polepole. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyevuka ziwa akiwa mtoto, akiwa amefungwa, aliweza kuzeeka kabla sheria haijamtambua. Ndiyo maana katika familia nyingi habari ya safari ile haikusimuliwa kwa urahisi. Kumwuliza mzee alikuja na nani kulikuwa kama kumvua nguo.

Wengine hawakuishia ziwani. Walifuata misafara, na baada ya 1914 reli ya Kigoma, hadi pwani ya bahari. Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliojenga Kariakoo, nyumba za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Msikiti wa Manyema uko huko mpaka leo. Bujumbura, mtaa wa Buyenzi una historia inayofanana, na Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani humo.

Mwaka 1996 vita ilisukuma tena familia za Kivu Kusini kuvuka ziwa, nyingi kutoka Fizi. Walipokewa Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka huo. Watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mmanyema wa zamani, hata aliyefika bila kitu, aliweza siku moja kujenga mjini, kupangisha chumba na kuozesha binti kwa jirani. Kutoka Nyarugusu hadi Ujiji ni safari ya siku moja kwa gari, lakini mwenye kadi ya ukimbizi haendi bila kibali.