Mafuta Haya Yametoka Wapi? Kemia na Ushahidi katika Mwambao wa Rumonge

Utando wa mafuta ukionekana juu ya maji ya Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, watuhumiwa hawakosekani. Injini za mitumbwi ya wavuvi wa ndagala huvuja esansi iliyochanganywa na oili. Bidoni za mazutu huvushwa ziwani, hasa vituo vya mafuta vya Burundi vinapokaukiwa. Mitambo ya kukamulia mawese, zao linalojulikana sana katika mji huu, hutoa maji machafu yenye mafuta. Tena ziwa lenyewe lina mafuta yake.

Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa, na chini yake joto la ardhi hupika mabaki ya mimea na vijidudu. Mwaka 1987 watafiti waligundua chemchemi za moto chini ya maji huko Pemba na Rasi Banza, upande wa Kongo, ng'ambo ya mwambao wa Burundi. Mwaka huohuo kampuni ya Amoco ilichimba visima vya Buringa na Rusizi katika bonde la Rusizi, isipate mafuta ya kuuzika. Lakini Rasi Kalamba, pia upande wa Kongo, lami huchuruzika yenyewe, na vipimo vya kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita, vimeipa umri wa takriban miaka 25,000 tu.

Umri huo una thamani kubwa kwa mpelelezi. Mazutu hutokana na mafuta ghafi ya mamilioni ya miaka, ambayo kaboni-14 yake imekwisha kabisa. Lami ya Kalamba bado ina chembe zake. Mawese ni mafuta ya mmea wa juzi, yamejaa kaboni-14, wala si haidrokaboni, kwa hiyo kuyatenga ni rahisi. Kazi ngumu ni kutofautisha mazutu na oili ya injini. Hapo kromatografia ya gesi huzitenganisha molekuli, na spektrometa ya masi huzitambua moja moja. Hopani na sterani, mabaki ya viumbe wa kale, hubaki kwa wingi katika oili ya kulainishia, ilhali katika mazutu huwa haba mno. Jua na bakteria huharibu kwanza molekuli nyepesi. Hopani hustahimili, ndiyo maana uwiano wake huaminika hata baada ya majuma kadhaa.

Alaska ilithibitisha uzito wa jambo hili. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, wanakemia walikuta ufukweni madonge ya lami ambayo isotopu zake za kaboni hazikulingana na shehena ya meli. Yalikuwa na asili ya California, na yanahusishwa na matangi yaliyopasuka katika tetemeko la mwaka 1964. Bila vipimo, meli ingebeba na lawama isiyo yake.

Lakini ulinganisho unahitaji cha kulinganishia. Mkataba wa mwaka 2003 wa nchi nne za ziwa unakubali kwamba mchafuzi alipe. Mahakama haitamtoza mtu kwa kukisia. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, ianze sasa kuhifadhi sampuli za mafuta yanayopita katika bandari za Kigoma, Kalemie, Mpulungu na Bujumbura, pamoja na lami ya Kalamba. Watumishi wa bandari ya Rumonge wapewe chupa za kioo, kwa kuwa plastiki huchafua sampuli, na wafundishwe kuziziba, kuziandika tarehe na kuziweka kwenye baridi siku hiyohiyo utando unapoonekana.

Haifai kungoja: maji ya Tanganyika hukaa ziwani kwa karne kadhaa kabla ya kubadilishwa, kwa hiyo uchafu hauondoki upesi.