Sakafu Nyekundu za Bunia

Dhahabu ya Kilo, hapa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ilijulikana tangu 1903, na 1926 ikaundwa kampuni ya kuichimba, Kilo-Moto. Wabelgiji waliokuja Ituri walijenga nyumba pana zisizo na ghorofa, zenye baraza mbele. Nyingine bado ziko hapa Bunia, na mimi ni mwashi ninayezikarabati.

Ninachokipenda ni sakafu. Ukiivunja unakuta mawe ya ukubwa wa ngumi yaliyopangwa kwa mkono ili maji ya ardhini yasipande, juu yake zege, kisha ngozi nyekundu nyembamba kama ukucha. Fundi alinyunyiza unga mwekundu simenti ikiwa mbichi, akasugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa. Watumishi wa nyumba, Wakongo, waliipaka nta wakiwa wamepiga magoti. Kazi yao haitajwi vya kutosha.

Leo wenye nyumba wanataka vigae kutoka Uganda. Simenti haishiki juu ya nta, kwa hiyo lazima nichonge ngozi yote, na inaniuma. Kwa hiyo kwanza naigonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, nabomoa. Palipo pagumu, nawasihi wapaache: natanua ufa, naulowesha, naujaza simenti yenye unga uleule mwekundu.