Maneno Yaliyoachwa na Vita vya Pwani

Mwalimu afundishaye watoto hutamka kila siku maneno ya vita asijue ya kuwa ni ya vita. Husema bendera, husema gereza, husema askari. Na akienda sokoni Dar es Salaam husema Kariakoo. Maneno haya hayakuwa ya Kiswahili tangu asili. Yalishuka pwani pamoja na watu waliokuja kupigana, na watu hao walipoondoka au waliposhindwa, maneno yakabaki. Tumependa kuyafuata machache, si kwa kuyapanga kama kamusi ipangavyo, bali kwa kutazama ni vita gani vilivyoyaleta. Kwa maana lugha huweka kumbukumbu ambayo pengine daftari za wakubwa haziiweki.

Vita lenyewe ni neno letu, na jamaa zake hupatikana mbali sana katika lugha za Kibantu. Kadhalika mkuki, upinde, mshale na ngao. Lakini jeshi, amiri, silaha na adui ni Kiarabu, na silaha za moto zilikuja na majina yake. Risasi kwa Waarabu ni yale madini yaliyo mazito na laini ambayo hufanyizwa vipopoo vya bunduki. Bunduki nayo asili yake ni tunda dogo gumu la mti wa nchi za baridi. Jina la tunda likapewa kipopoo, na jina la kipopoo likapewa chombo cha kukirushia. Wako wasemao kwamba limetokana na jina ambalo Waarabu huuita mji wa Venice, kwa kuwa majina hayo mawili yafanana. Sisi twaona tunda latosha.

Mzinga tu haukuazimwa. Wazee waliuona ule mwanzi mnene wa chuma, mtupu ndani, wakakumbuka shina la mti lililotobolewa ambalo mrina asali hulitundika juu ili nyuki waingie. Wakaupa jina hilohilo. Hata leo mgeni ajifunzaye lugha hushangaa kusikia kwamba mzinga hutoa asali na mzinga huvunja kuta.

Tuje kwa Wareno. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome ya Mombasa waliyoiita kwa jina la Yesu, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi Mwitalia aliyekuwa katika utumishi wao. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, na kanisa kwa Kireno ni igreja. Wenyeji wa nje walilisikia neno hilo, wakalisema kwa ulimi wao, likawa gereza. Na wasipopambanua nyumba ya sala na nyumba ya mizinga, kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya ukuta mmoja, wakaliita jengo zima hivyo. Ndiyo maana ngome kuukuu ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hata leo. Kisha, kwa kuwa katika ngome ndimo walimofungwa watu, neno likashuka daraja ya tatu, likawa na maana tuijuayo sote. Waingereza waliifanya ngome ile ya Mombasa kuwa kifungo tangu 1895 hata 1958, wala hapakuwa na haja ya kubadili jina. Makasisi watuwie radhi tukisema kwamba neno lililoanza kuwa kanisa likaishia kuwa kifungo laeleza jambo fulani juu ya namna watu wa pwani walivyowaona Wakristo wao wa kwanza.

Lakini isidhaniwe kwamba watu wa pwani walikuwa nje ya ukuta tu. Waarabu wa Oman walipoizingira ngome mwezi wa Machi 1696, waliokimbilia ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo na Waswahili waliokuwa upande wao, na hasa watu wa Faza, kisiwani Pate. Mazingiwa yale yaliendelea karibu miaka mitatu. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697, jemadari wa Wareno alipokwisha kufa na maafisa wake karibu wote, aliyeishika ngome kwa majuma machache alikuwa Bwana Daud, mwana wa ukoo wa kifalme wa Faza, pamoja na watu wake, mpaka msaada ulipokuja kwa bahari. Twaliandika jina lake kwa kusudi. Vitabu vingi vya shule vilivyosimulia vita hivi vilitaja Wareno na Waarabu, kana kwamba mji ulikuwa mtupu. Hata mwezi wa Desemba 1698 watu wa Oman wakapanda ukuta, wakaitwaa ngome. Siku chache baadaye merikebu zilizotumwa kutoka Goa zikatokea, zikaona juu ya ukuta bendera nyingine, zikaenda zake. Na bendera ni neno la Kireno! Wareno walishindwa kuiacha yao ikipepea, wakatuachia jina lake.

Sasa manowari. Waingereza huiita merikebu ya vita kwa maneno matatu, maana yake mtu wa vita. Waswahili wakayaunga yakawa neno moja. Neno hili lilizoeleka katika miaka ile merikebu zao zilipokuwa zikivizia majahazi ya watumwa. Lakini siku lililotia hofu Unguja ni tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani pasipo ruhusa ya Waingereza. Manowari tano zilipanga mstari mbele ya mji. Saa tatu asubuhi muda aliopewa ukaisha, na dakika mbili baadaye mizinga ikaanza. Katika muda usiofika saa moja jumba lilikuwa magofu, na watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, ambapo upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Wengi wa waliokuwamo hawakuwa askari wa kazi, bali watumishi na watumwa wa jumba. Merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama bandarini, na milingoti yake ikaonekana juu ya maji kwa miaka mingi, hata kila aliyeingia Unguja kwa bahari aliiona kabla ya kuuona mji vizuri. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi, akapelekwa Dar es Salaam.

Watu hao hao wa Unguja waliona manowari ikipata malipo. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri ya Jumapili, manowari ya Wadachi Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini, mashine zake zikitengenezwa, ikaipiga hata ikazama. Kisha Königsberg ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, ikazingirwa humo hata Julai 1915, vyombo viwili vyepesi vilipoingia mtoni na kuiharibu. Hapo vita vya bahari viligeuka kuwa vya nchi kavu: Wadachi waliitoa mizinga yake kumi majini, wakaitia magurudumu, nayo ikaburutwa kwa kamba na mikono ya watu bara yote. Mmoja wa mizinga hiyo upo Mombasa, nje ya lile gereza la Wareno tulilolitaja.

Neno askari ni la Kiarabu na la zamani, lakini afande ni Kituruki, na njia yake yajulikana. Wadachi walipopigana na Abushiri katika 1888 na 1889, Wissmann aliajiri Wasudani waliokuwa wametumika katika jeshi la Misri, ambalo desturi zake zilikuwa za Kituruki. Wao ndio walioleta kumwita mkubwa wao effendi. Vita hivyo vilisimuliwa na Hemedi bin Abdallah el Buhriy katika utenzi wake wa Wadachi kuitamalaki Mrima, na mwalimu atakaye kujua jinsi msamiati wa vita ulivyokuwa wakati ule asitafute kwingine kwanza. Upande wa Waingereza nao walikuwako Wasudani katika jeshi la KAR lililoundwa 1902, ambalo raia waliliita Keya. Hivyo mwito wa Istanbul wasikika leo katika kila kituo cha polisi.

Tumebakiza Kariakoo, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika vita vya 1914 hata 1918 farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, na motokaa zilikwama matopeni. Basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likaenda kichwani mwa mtu. Waingereza waliwaunda wapagazi kuwa kikosi, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, likisemwa na mtu wa pwani, ni kariakoo. Walioandikwa upande wa Waingereza walikuwa karibu milioni moja. Wengine walikwenda kwa ujira. Wengi walikamatwa, kwa maana tangu 1915 sheria ya Kenya iliruhusu kuwachukua kwa nguvu. Misheni hazikuwa mbali na jambo hili. Mwaka 1917 Dk. Arthur wa misheni ya Kiskoti huko Kikuyu aliongoza kikosi cha Wakristo zaidi ya 1,500. Na mwaka uliotangulia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alitembea kwa miguu pamoja na wapagazi wa kisiwa chake. Weston huyo baadaye aliandika kuwashitaki Wadachi kwa ukali wao, kisha, mwaka 1920, akaandika vilevile kuwashitaki Waingereza kwa kuwalazimisha watu kazi katika Kenya. Hilo la pili halikumpatia marafiki serikalini.

Waliowaua wapagazi hawakuwa maadui. Ni kuhara damu, homa na baridi ya mapafu. Mtu wa Uganda aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi, hana sufuria ya kutosha wala muda wa kuupika, akaula mbichi nusu. Tumbo likachafuka, akaanguka njiani na mzigo wake. Daftari za serikali zilihesabu wafu zaidi ya 40,000. Wanahistoria wa baadaye wanakisia kwamba wanafika 100,000 au kuzidi. Wala hatusemi habari ya wapagazi wa Wadachi, ambao hawakuhesabiwa hata kwa kiasi hicho. Majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa, na kwa hiyo jamaa wengi hawakulipwa mshahara wa wafu wao.

Sanamu zilisimamishwa. Ya Dar es Salaam, iliyofunuliwa 1927, yaonyesha askari mmoja na bunduki yake, singe mbele. Ya Nairobi ina mpagazi miongoni mwa watu watatu. Jina la mtu halimo. Mwezi wa Aprili 2021 halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; ikaomba radhi. Ilikuwa zaidi ya miaka mia moja imepita.

Lakini watu wenyewe walikuwa wamekwisha kufanya la kwao. Uwanja wa Dar es Salaam walipowekwa wapagazi uliitwa kwa jina la kikosi, na Nairobi nayo ina mtaa wake wa jina hilo. Hakuna amri iliyotolewa. Soko la Dar es Salaam lilijengwa upya na kufunguliwa 1975 kwa ramani ya Beda Amuli, likaungua Julai 2021, likatengenezwa tena. Na katika mabadiliko hayo yote hakuna aliyefikiri kulipa jina jingine. Tumepata kumwuliza kijana mmoja mchuuzi wa vitunguu maana ya Kariakoo. Alijibu kwamba ni soko, akatuuliza tunataka kilo ngapi.