Bagamoyo, mji uliozoea kubeba watu

Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889 kulikuwa na karamu katika jumba moja la ghorofa mjini Bagamoyo, lililokuwa mikononi mwa maofisa wa Kijerumani. Henry Morton Stanley ndiyo kwanza alikuwa amewasili kutoka bara pamoja na mtu aliyekwenda kumwokoa, Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan. Mwenyeji wao, Hermann von Wissmann, hakubania chakula wala mvinyo. Katikati ya shangwe Emin aliinuka mezani, akapita chumba cha pili, akaona mbele yake kitu alichodhani ni mlango wa kutokea roshani. Kumbe ni dirisha, tena la kizingiti cha chini. Akakanyaga hewa. Aliangukia paa la kibanda kilichoegemea ukuta, kisha mtaani, akaokotwa hana fahamu.

Waandishi wa safari zile hulisimulia tukio hili kama kichekesho kichungu: mtu kavuka nchi nzima salama, kaja kuanguka dirishani siku ya kupumzika. Wengine huishia kulaumu mvinyo. Lakini Emin alikuwa na uoni hafifu sana, na kila aliyefuatana naye aliwahi kumwona akisoma huku karatasi ikikaribia kugusa pua. Waliokuwa mezani waliyajua macho yake. Jumba ndilo lililokuwa halimjui.

Nimeanza na Emin kwa sababu mji huu, wenye sifa ya biashara ya pembe na watumwa, una historia nyingine ambayo watembeza wageni hawana kawaida ya kuisimulia. Ni historia ya vizingiti, ngazi na milango, na ya nani aliweza kupita bila kushikwa mkono.

Nyumba za mawe za Bagamoyo, kama zile za Unguja, Mombasa na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyotoa amri. Mkoko haukupi mti mrefu sana ulionyooka, hivyo upana wa chumba uliishia mahali boriti ilipoishia, mita mbili na nusu au tatu hivi, hata chumba kikiwa kirefu kama ukumbi wa arusi. Ngazi ikabanwa kati ya kuta mbili nene, imesimama wima, vidato viko juu na mwanga ni haba. Nyumba nzima ikainuliwa juu ya msingi ili maji ya masika yasiingie, na mbele yake yakajengwa mabaraza ya kukaa. Mlango wa nakshi unaopigwa picha kila siku ni wa mbao mbili. Katikati una mfaa, chini una kizingiti cha kuvukwa, na kwa kawaida hufunguliwa upande mmoja tu.

Kila kimoja katika hivyo kilikuwa na sababu yake njema, iwe mvua, joto, heshima ya nyumba au usalama wa mali. Hakuna fundi aliyekaa akapanga kumfungia mtu nje. Ila vijumlishe vyote, kisha mweke mbele yake mtu wa magongo, au bibi ambaye magoti yamekataa, uone kama atafika chumba cha juu.

Walioogopa majirani walijenga kwa makusudi zaidi. Ngome Kongwe, iliyoanza mwaka 1860 kama makazi ya tajiri wa Kiarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, ilikuwa nyumba ya mtu asiyetaka kuingiliwa, na baadaye askari na polisi waliirithi bila taabu. Kisha Wajerumani wakaja na Boma lao la mwaka 1897, la ghorofa, veranda zikitazama bahari. Serikali ikapanda juu. Mwenye shauri naye ilimpasa apande.

Sasa, mtu asiyeweza kupanda alifanyaje? Jibu la Bagamoyo lilikuwa jepesi: alibebwa. Huu ulikuwa mji wa wapagazi, na mabega yalikuwa bei rahisi kuliko chokaa. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, mwezi Juni 1857. Walipokaribia Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa 1858, Burton hakuweza kutembea kwa sababu ya homa, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho uliomwachia ukungu mtupu. Kwa lugha ya leo tungesema mmoja ana ulemavu wa viungo na mwenzake ana uoni hafifu, na ni hao wawili wanaosifiwa kwa "kuligundua" ziwa ambalo mmoja alifikishwa kwa machela na mwingine hakuliona sawasawa. David Livingstone naye, katika siku zake za mwisho za Aprili 1873, alipelekwa akiwa amelala juu ya kitanda mabegani mwa watu, na neno hilohilo la Kiswahili, kitanda, ndilo aliloliandika katika shajara yake. Alipofariki, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi pwani, na Februari 1874 ukalazwa katika kanisa la misheni ya Bagamoyo, ambalo mnara wake sasa unaitwa kwa jina la Livingstone.

Hao walikuwa na wa kuwabeba. Mpagazi aliyeumia mguu njiani hakuwa na machela. Mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, yeye mara nyingi akaachwa kijiji cha jirani, au kando ya njia. Kwa hiyo tukisema zamani jamii ilijua kuwatunza wasiojiweza, tuulize kwanza: wasiojiweza wepi?

Ng'ambo, Unguja, wakubwa walianza kuonja jibu jingine. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, linatajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lifti ile haikuwekwa kwa ajili ya kiwete. Iliwekwa kwa ajili ya fahari.

Bagamoyo yenyewe ilimpata Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyepata utajiri kwa kuandalia misafara bidhaa na wapagazi. Miaka ya 1890 alitoa jumba la ghorofa tatu liwe shule, kwa sharti kwamba lisibague watoto kwa rangi. Kwa zama zile lilikuwa jambo zito. Alifadhili hospitali iliyokuja kubeba jina lake Dar es Salaam, na kabla ya kufariki mwaka 1897 aliagiza mapato ya mali zake yawasaidie pia maskini na wagonjwa wa ukoma. Namheshimu. Lakini jengo lake linaonyesha fikra za wakati wake: kwa mtoto wa rangi yoyote, mlango, kwa mwenye ukoma aliyepoteza vidole vya miguu, sadaka. Hakuna aliyefikiri kwamba huyu wa pili naye angeweza kuja darasani, na shida yake ikawa ngazi.

Fikra hiyo ilidumu karibu karne nzima. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 1981 kuwa wa watu wenye ulemavu, Chama cha Walemavu Tanzania, CHAWATA, kilianzishwa mwaka huohuo. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Matunzo, yaani bado tuko kwenye machela. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia 2009, kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayotaka majengo ya umma yafikike. Kwa sensa ya mwaka 2022, wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka saba na kuendelea.

Lugha nayo ilihama kidogo kidogo. Kilema, kipofu, kiwete: yote yamo katika ngeli moja na kiti na kikapu. Kilema akawa mlemavu, akahamia ngeli ya watu, kisha akawa mtu mwenye ulemavu, na kipofu akawa asiyeona. Viziwi peke yao walikataa kusahihishwa, na chama chao bado kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania.

Kuhusu majengo, hesabu ni ngumu kuliko lugha. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za mteremko. Kidato cha sentimita 15 kinataka karibu mita mbili. Nyumba iliyoinuka sentimita 60 juu ya barabara inataka zaidi ya mita saba, na ukizijenga Mtaa wa India, hapa Bagamoyo, huenda ukajikuta umefika kwa jirani. Kiti mwendo kinahitaji uwazi wa walau sentimita 80 mlangoni, na upande mmoja wa mlango wa nakshi ni nadra kuutoa. Juu ya hayo, magofu na majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na huwezi tu kuja na nyundo.

Wapo wanaoishia hapo, wakasema urithi hauguswi. Siwaamini sana, kwa sababu kuta hizohizo zimeguswa mara nyingi kwa saruji, adui mkubwa wa matumbawe: inafungia unyevu na chumvi ndani, na plasta inabanduka. Mteremko wa mbao unaokaa bila kushikana na ukuta, ukaondolewa siku ukichakaa, hauumizi jiwe hata moja. Kufungua mbao zote mbili za mlango hakugharimu kitu. Na ukanda wa rangi kwenye ncha ya kila kidato, au kizuizi chini ya dirisha la Emin, ni kazi ya asubuhi moja.

Njia ya kufika Bagamoyo ina somo lake. Tangu 2016 mwenye kiti mwendo Dar es Salaam anaweza kupanda mwendokasi bila kuguswa, siku ambayo msongamano unamruhusu: kituo kina mteremko, na jukwaa liko usawa na sakafu ya basi. Akishuka Morocco, akasogea hadi Makumbusho kupanda gari la Bagamoyo, anakuta vidato na mlango mwembamba. Konda anamwangalia, anageuza mgongo, anachuchumaa. "Panda mzee, nikubebe." Kiti kinakunjwa na kurushwa nyuma, na wakati mwingine nacho kinatozwa nauli, kama mzigo.