Msomaji Asiyeulizwa: Historia ya Hukumu juu ya Riwaya Nyepesi ya Mapenzi

Istilahi "riwaya pendwa", iliyokwisha kukita mizizi katika uhakiki wa Kiswahili, ina tatizo la kisarufi lisilotajwa sana. Pendwa ni neno lililonyambuliwa katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa huruhusu mtenda afichwe. Riwaya imependwa, na nani, na kwa sababu gani? Mhakiki anayeitumia istilahi hii kwa kawaida huitumia kuorodhesha yanayopungua katika kazi: wahusika bapa, msuko unaotabirika, mapenzi yaliyotengwa na jamii inayoyazaa. Kisha huiweka kando ili aishughulikie "riwaya dhati". Aliyependa hatajwi. Makala haya yanafuatilia jinsi msomaji huyo alivyosemewa na wengine, hasa Uingereza na Marekani, ambako riwaya nyepesi ya mapenzi iligeuzwa kuwa bidhaa ya kiwanda na ambako, mara chache, msomaji wake aliulizwa. Kisha yanakigeukia Kiswahili.

Hukumu zenyewe ni kongwe kuliko kiwanda. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotolewa mwishoni mwa 1817 baada ya kifo cha mwandishi wake, Jane Austen anasimamisha masimulizi ili kuwatetea wasomaji wa riwaya, akiwakejeli hata waandishi wanaowaonea haya wahusika wao kwa kusoma vitabu kama walivyoandikiwa. Utetezi huo haukudumu. Mwezi Oktoba 1856 jarida la Westminster Review lilichapisha makala ya George Eliot kuhusu riwaya za kipuuzi za waandishi wa kike. Aliziainisha kwa mafungu, akayapa kila fungu jina la dhihaka, na kuonyesha kwa ustadi jinsi shujaa wa kike alivyopewa uzuri, akili, ucha Mungu na mali kwa pamoja. Ni uhakiki mkali na kwa sehemu kubwa ni wa haki. Lakini yafaa kukumbuka kuwa alipouandika, Eliot mwenyewe alikuwa ndio kwanza anaanza kutunga hadithi yake ya kwanza. Alikuwa akisafisha uwanja. Makala yale yanawahukumu waandishi kikamilifu, na msomaji anaonekana humo kama kivuli tu: mtu asiyejua kutofautisha.

Kivuli hicho kilipata umbo la mgonjwa katika kitabu cha Q. D. Leavis, Fiction and the Reading Public (1932). Leavis alikuwa mtafiti mwenye bidii. Alitaka kujua kwa nini umma wa Waingereza ulisoma uliyoyasoma, na kwa ajili hiyo aliandaa hojaji. Jambo la kushangaza, ambalo wahakiki wengi hulipita haraka, ni mahali alikoipeleka. Aliipeleka kwa waandishi 60 wa vitabu vilivyouzika sana. Kwa hiyo kitabu kinachobeba neno "umma unaosoma" katika anwani yake kiliwahoji wanaouandikia umma huo, na juu ya wanaosoma kikatoa uamuzi kwa kuwatazama kutoka mbali: kwamba kusoma kwao kumekuwa mazoea yanayofanana na ya dawa za kulevya. Sitiari hiyo ya ulevi ilidumu kwa miongo mingi. Mlevi hahojiwi juu ya ubora wa pombe.

Wakati Leavis akiandika, kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, ilikuwa katika harakati za kubadili mwelekeo. Mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna, vikiwemo vya Jack London. Katika miaka ya 1930 ilielemea riwaya za mapenzi, na wateja wake wakuu hawakuwa wanunuzi wa vitabu bali maktaba za biashara zilizoazimisha kitabu kwa senti chache. Utaratibu huu una maana kubwa kwa historia ya maoni. Mwazimaji hakumiliki kitabu. Alikirudisha, akasema kama kilimpendeza, akaomba kingine. Vitabu vilitambulikana kwa majalada yao ya rangi ya kahawia kabla ya jina la mwandishi kutazamwa, na mchapishaji aliyetaka kuuza aliwajibika kuzisikiliza habari zilizotoka kwenye kaunta. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara alimsikiliza msomaji miaka mingi kabla ya msomi. Maktaba hizo zilipodidimia baada ya Vita vya Pili, kampuni iligeukia vitabu vya karatasi nyepesi kwa ushirikiano na Harlequin ya Kanada, na mwaka 1971 kampuni hizo mbili ziliungana.

Ni mfanyabiashara huyo huyo aliyelipia utafiti wa mapema wa kuwahoji wasomaji wenyewe. Mwaka 1969 Mills & Boon walichapisha taarifa ya Peter Mann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Sheffield, kuhusu mazoea ya wasomaji wao. Mhakiki ana haki ya kuutilia shaka utafiti uliogharimiwa na muuzaji. Hata hivyo ulivuruga picha iliyozoeleka ya mwanamke mpweke asiye na elimu wala shughuli, maana wasomaji walitoka katika kazi na viwango vingi vya elimu. Mwaka uliofuata Germaine Greer, katika The Female Eunuch (1970), alilirudisha suala kwenye siasa. Kwake yeye, mwanamume mrefu, mwenye nguvu na dharau anayejaa katika riwaya hizi ni mtu aliyebuniwa na wanawake wanaoupenda utumwa wao. Hoja hii haikuwa dhaifu. Ilichokosa ni ushahidi wa jinsi mwanamume huyo anavyosomwa, kwani kuwamo katika kitabu ni jambo moja na kukubaliwa na msomaji ni jambo jingine.

Ushahidi huo uliletwa na Janice Radway. Mwaka 1980 mtafiti huyu wa Kimarekani alianza kuwahoji wanawake wa mji mmoja wa eneo la kati-magharibi aliouficha kwa jina la Smithton. Huko alikuwepo muuzaji wa duka la vitabu, anayeitwa kitabuni Dorothy Evans au kwa ufupi Dot, ambaye wateja walimtegemea awaambie ni riwaya zipi za mwezi huo zinazostahili fedha zao. Dot alikuwa na jarida lake dogo la kutoa maelekezo hayo. Kwa hakika alikuwa mhakiki, mwenye jarida na wasomaji, aliyekuwa akifanya kazi ile ile inayofanywa katika idara za fasihi, isipokuwa kwamba makosa yake yaligharimu fedha za watu waliomjua kwa sura. Radway alizungumza na kikundi cha wateja hao, akakusanya hojaji 42, na matokeo akayachapisha katika Reading the Romance (1984).

Yaliyosemwa na wanawake wa Smithton yanastahili kukawiwa. Kwanza, walitaka mwisho mwema, na walilitilia mkazo kuliko karibu jambo jingine lolote. Baadhi yao walisoma kurasa za mwisho dukani kabla ya kulipa. Kwa mhakiki aliyelelewa kwa nadharia ya taharuki, tabia hii ni uharibifu wa kazi ya sanaa. Kwa msomaji wa Smithton ilikuwa kipimo. Alijua kwamba wawili watapatana; alichotaka kujua ni namna gani, na kama mwandishi ameistahilisha furaha ile au ameibandika tu. Mtu aliyesikiliza ngano utotoni hatashangazwa na hili. Hadhira ya ngano inajua kwamba zimwi litashindwa, na bado inamlaumu fanani anayemshinda zimwi kwa haraka.

Pili, walikuwa na orodha ya makosa. Waliwachukia mashujaa wa kike walegevu, wanaolia na kungoja. Walitaka mwanamke mwenye akili na ulimi. Waliikataa riwaya inayompa shujaa wa kiume ukatili bila majuto, na ile inayowapitisha wahusika kutoka kitanda hadi kitanda. Hapa ndipo penye utata wa kweli. Mojawapo ya vitabu walivyovipenda mno ni The Flame and the Flower cha Kathleen Woodiwiss, kilichotolewa na Avon mwaka 1972, ambacho mapema kabisa kina tendo la ubakaji linalofanywa na mtu yule yule atakayekuja kupendwa. Wasomaji waliosema hawavumilii ubakaji walikipenda kitabu hiki. Je, walijipinga? Walitofautisha ukatili wanaoweza kuufasiri kama kosa, linalotokana na kutojua na kulipiwa kwa kurasa nyingi za majuto, na ukatili unaofanywa kwa ajili ya ukatili. Tofauti hiyo inaweza kukataliwa, na makala haya hayaioni kuwa inatosha. Kosa la namna hiyo halifutwi na majuto ya mtenda. Lakini ni hoja. Ina misingi, ina mipaka, na inaweza kujibiwa, jambo lisilowezekana kwa ulevi.

Tatu, walizungumzia tendo la kusoma kuliko kitabu. Wengi walikuwa wake na mama wenye watoto nyumbani, watu wa kuwatunza wengine tangu alfajiri. Kitabu kilipofunguliwa, nyumba ilijua kwamba mama hapatikani kwa muda. Waume walinung'unikia muda huo na gharama ya vitabu.

Radway aliyapokea yote haya kwa heshima, na kisha akayapiku. Kwa kutumia saikolojia changanuzi alihitimisha kwamba msomaji anatafuta katika shujaa wa kiume malezi ambayo ndoa yake haimpi, na kwamba usomaji huo ni malalamiko madogo yanayojizima yenyewe: mwanamke anatulizwa, anarudi jikoni, na hakuna kinachobadilika. Huenda ni kweli. Lakini linganisha ufafanuzi huu na maneno ya wanawake wenyewe, na itaonekana kwamba sauti iliyosikika katika sura za katikati imefanywa dalili katika hitimisho. Mgonjwa wa Leavis amerejea, safari hii akiwa amehojiwa kwanza. Kwa sifa yake, Radway aliliona hili. Katika utangulizi mpya wa toleo la 1991 anakiri kwamba uchanganuzi wake ulibakiza majivuno ya msomi anayedhani yeye ndiye ajuaye linalowafaa wanawake wengine. Ni wahakiki wachache wanaojisahihisha hadharani kiasi hicho.

Mwaka 1992 waandishi wa riwaya hizo walijibu wenyewe katika mkusanyiko uliohaririwa na Jayne Ann Krentz, Dangerous Men and Adventurous Women. Makala yenye uzito zaidi humo ni ya Laura Kinsale, anayedai kwamba shujaa wa kike mara nyingi ni kiti tu ambacho msomaji anakikalia ili atazame, na kwamba anayeishi moyoni mwa msomaji ni yule mwanamume. Dai hili likikubaliwa, nusu ya uhakiki uliotangulia ulikuwa ukimpima mhusika asiye sahihi.

Je, haya yote yanakihusu Kiswahili? Yanakihusu kwa njia mbili. Nchini Kenya vitabu vya Mills & Boon vilipokezanwa katika mabweni ya shule za wasichana, mara nyingi kwa siri, na vikauzwa kwa bei ya mitumba kando ya barabara za Nairobi. Kwa hiyo msomaji aliyeandaliwa kuihakiki riwaya ya Kiswahili darasani alikuwa tayari na vipimo vyake vya hadithi ya mapenzi, alivyovipata kwa Kiingereza chini ya blanketi. Darasani hakuulizwa habari hiyo. Njia ya pili ni ile ya marufuku. Vitabu vya David Maillu vilipigwa marufuku Tanzania katika miaka ya 1970, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilizuiwa shuleni kwa muda kwa hofu kwamba ingewapotosha vijana.

Kisa cha Rosa Mistika kinafundisha zaidi kikisomwa kwa jicho la Smithton. Waliokizuia waliona ngono. Msomaji wa kufungua kurasa za mwisho angeona jambo tofauti: msichana aliyepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akaishia kukataliwa na mchumba kwa sababu ya ubikira, akajiua. Ni vigumu kupata riwaya inayomwadhibu msichana kwa ukali kuliko hiyo. Msomaji yule angeirudisha rafuni, na sababu yake isingekuwa uchafu wa maadili. Angesema kwamba Rosa ametozwa bei kubwa kuliko deni lake. Hilo ni pingamizi la kimaadili na la kisanaa kwa pamoja, na Kezilahabi, aliyekusudia jamii ya akina Zakaria ishtakiwe na kifo hicho, angekuwa na jibu. Mabishano ya namna hiyo yangeifaa riwaya kuliko marufuku.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), iliyowahi kuwa kitabu teule katika shule za Kenya, ilisomwa na maelfu ya vijana wa umri ule ule wa kupokezana vitabu vya mapenzi. Mle Maimuna anafungiwa, anatoroka, anazama katika ulevi na umalaya, na hatimaye anapata mume katika Kabi. Maswali ya mitihani yamehusu utengano wa kitabaka, nafasi ya mwanamke, taswira na kinaya, na ni maswali halali. Lakini kuna swali ambalo msomaji wa mabwenini alilijibu kabla ya kuulizwa, akiwa amelala kifudifudi na tochi mkononi: kama Kabi anatosha. Mtahiniwa aliyeandika kwamba mwanamume huyo amechelewa mno, na kwamba Maimuna ametesekea kurasa nyingi kupita kiasi kwa furaha fupi namna ile, angeitafuta alama yake bure katika mwongozo wa kusahihisha.