Ukuta Unaweza Kukopi, Mto Huwezi

Wengi mmekuwa mkiniuliza niliachaje chuo. Jibu fupi ni karo. Lakini kuna kisa kimoja cha huko ambacho sikuwahi kukielewa hadi nilipoenda Kitui kumwona susu yangu.

Nilikuwa nasomea uhandisi. Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kikundi: tengenezeni modeli ya mfumo wa maji wa kijiji kwenye kompyuta. Unachora mfumo kwa vipande, yaani tanki, pampu, bomba, watu wanaochota, na kila kipande kinasema kinapokea nini na kinatoa nini. Tanki hatukulitengeneza. Tulilichukua kwa kikundi cha mwaka uliotangulia kwa sababu kwao lilifanya kazi poa.

Kwetu, kijiji kikafurika. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ndio tuligundua lile tanki linahesabu kwa lita, na vipande vyetu vyote vinahesabu kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Hakuna mahali palipoandikwa. Tulifeli, nami nikaapa kwamba kazi ya mtu sitaazima tena.

Sasa tuje Kitui. Mto wa kwa susu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Ila pale chini kuna ukuta wa mawe na simiti umekatiza mto, umesimama juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mafuriko yanakuja na mchanga. Mchanga mzito unazama nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Misimu ikipita, bwawa linajaa mchanga, na katikati ya zile chembe kuna maji, kama asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote mchanga ukiwa mzuri. Jua haliyafikii kirahisi, na mbu hawapati pa kuzalia. Linaitwa bwawa la mchanga, na wengi wetu tumelipita tukidhani ni daraja lililovunjika.

Huo ukuta wa kwa susu ni kopi, manze! Miaka ya 1950, mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa ALDEV ulijenga mabwawa ya aina hiyo Ukambani. Mwaka 1978, Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kujenga yao upande wa Machakos, wakati Machakos bado ilikuwa na Makueni ndani yake. Makueni ilikuja kuwa wilaya yake mwaka 1992. Ng'ambo ya Mto Athi, huku Kitui, shirika la SASOL, ambalo Profesa Cyrus Mutiso ni mmoja wa waliolianzisha, lilijenga na wanavijiji mamia ya mabwawa hayo kuanzia miaka ya 1990. Wazo moja, mito tofauti, miradi tofauti, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana.

Hata nguvu ya kujenga ilikuwa kipande cha kuazima. Mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kukusanyika na kufanya kazi ya jirani, ilikuwepo kabla ya simiti. Ilitumika kwa nyumba na mashamba, kisha ikahamishiwa kwenye matuta na mabwawa.

Mbona basi kopi yao ilifaulu na yetu ikafeli?

Nilimuuliza susu waliujengaje ule wao. Sikutegemea jibu lake. Alisema siku nyingi za mwanzo hakuna aliyegusa jiwe. Walitembea mtoni wakichimba, wakitafuta mwamba uko wapi. Walishika mchanga mkononi, wakausugua, waone ni chembe kubwa au ni vumbi. Waliangalia kingo. Walibishana nani atakuja kuziba ufa ukitokea. Ukuta wenyewe ulikuja mwisho.

Kwa sababu ukuta huo huo, ukiupeleka kwenye mto unaobeba udongo laini, unapata bwawa la tope. Tope lina maji ndani, sawa, lakini haliyaachilii. Na ukiuinua juu sana kwa mkupuo mmoja, maji yanatulia nyuma yake, na lile tope lililotakiwa kupita linabaki. Michoro iko sahihi, simiti ni nzuri, na bado mama anarudi na mtungi mtupu. Ukikopi ukuta bila masharti yake, umekopi mawe tu.

Na usidhani hili ni la vijijini. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha programu kilichotolewa Ariane 4, ambako kilikuwa kimefanya kazi bila shida. Ila Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba moja ikazidi nafasi iliyotengewa, na sekunde 40 hivi baada ya kuruka roketi ikasambaratika. Wahandisi wa anga kabisa, na kosa lao ni binamu wa tanki letu.

Nilimsimulia susu habari ya tanki. Nikalalamika kwamba wale wa mwaka uliotangulia hawakuandika chochote. Akaendelea kupepeta mbaazi zake, kisha akauliza, "Na nyinyi mliwauliza?"

Nilinyamaza. Wawili kati yao walikuwa wanaishi hosteli yetu, ghorofa moja juu. Ngazi tu, wasee.

Kwa hivyo kile kiapo changu nimekifuta. Kila mtu akianza kila kitu kutoka sufuri, Kitui isingekuwa na hayo mabwawa yote. Kuazima ni sawa. Anayetoa aseme kipande chake kimejaribiwa wapi na kinahesabu kwa nini. Anayechukua apande ngazi akaulize.

Lile faili bado ninalo. Nimelifungua jana, na juu kabisa nimeandika mstari mmoja: "Tanki hili linahesabu kwa lita." Nimechelewa, najua. Lakini kuna mtu atakuja kuliazima.